Mama Alipoingia kwa Babu

Mwanaume mzima akikohoa nje ya nyumba yangu, nasimama. Mara nyingi ni fundi tu, au jirani mwenye mafua, lakini mwili wangu haungoji kujua ni nani. Nililelewa Kyimo, katika nyumba ambayo kikohozi kilikuwa na kazi yake. Babu, mzaa baba, hakuwahi kukatiza uani kwetu bila kukohoa kwanza kwa sauti kutoka migombani, na mama akisikia tu alikuwa ameshatoweka. Alijibanza nyuma ya jiko, au katikati ya mahindi, na mara moja ndani ya banda la nguruwe. Siku hiyo alitoka na majani kichwani, akakaa kuendelea kupepeta maharage kama vile hakuna lililotokea.

Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hasemi naye, hapiti njia anayopita. Hawakuwa na ugomvi. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yenyewe. Jina la babu lilikuwa Lusekelo, yaani furaha, na mama hakulitamka hata siku moja. Kanisani, wimbo wa Kinyakyusa ukifika kwenye neno hilo, alifunga mdomo, akasubiri lipite, kisha akaungana tena na wenzake. Mimi niliyekaa ubavuni mwake nilimwona kama mtu anayeruka dimbwi ili asilowe.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Waliokuwa wakubwa wanaikumbuka. Maduka ya Tukuyu yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa vitu, mitumba ikamwagwa juu ya maturubai pale Kiwira, na sabuni za kuogea zilizofungwa kwa karatasi zenye picha ya maua zikaanza kuonekana vijijini. Kabla ya hapo tulizoea kufulia majani ya mpapai. Malori yalikuja kuchukua ndizi zetu hadi Dar es Salaam, na baba akaacha kibarua cha chai akawa anapanda nayo. Aliondoka akinuka utomvu wa migomba, akarudi baada ya majuma akinuka dizeli. Kila mtu alisema sasa mambo yote ni ruksa.

Nami nililiamini hilo. Mwalimu wetu wa darasa la tatu alitufundisha kwamba mila nyingine zimepitwa na wakati, na mtu aliyesoma aziache. Nilirudi nyumbani nimejaa elimu. Nikamwambia mama, "Mwalimu amesema kumkimbia mkwe ni ushamba."

Mama alikuwa anamenya ndizi. "Mwalimu wako ameoa?"

"Bado."

"Basi mwache aoe kwanza."

Bibi alipofariki, babu alibaki peke yake katika nyumba yake ya mianzi iliyokandikwa udongo, ng'ambo ya migomba. Mama ndiye aliyempikia. Mimi nilipeleka sahani, na yeye alisimama nyuma ya nyumba, mahali ambapo ukuta ulimficha, akisema kupitia kwangu. "Mwambie babu ale ndizi zikiwa za moto." Babu alikuwa amesikia kila neno, lakini alingoja niseme. Nikishasema, alijibu, "Mwambie mama yako, ndaga." Yaani ahsante. Nami nikapiga kelele, "Mama, babu anasema ndaga!" Zilikuwa hatua chache tu kati yao, na mimi katikati kama kijiredio. Ilinichekesha, lakini wao hawakucheka hata mara moja.

Kisha masika moja babu alianguka mlangoni kwake. Alipoinuliwa, upande wake mmoja ulikuwa umelala, mdomo umekwenda kando, na maneno yake yakawa hayashikiki. Shangazi Subilaga, dada yake baba, alikuja kutoka Kiwira alikoolewa. Alimwogesha, akamlisha, akamgeuza. Lakini alikuwa na watoto wadogo na meza yake ya mitumba, na mumewe akatuma mtu mara ya kwanza, akatuma tena, akaja mwenyewe. Shangazi aliondoka analia. Alimwomba jirani mmoja mwanaume awe anakuja kumwangalia mzee hadi baba atakaporudi na lori. Yule jirani alikuja siku chache. Halafu ndizi zikapanda bei, naye akawa anashinda barabarani kama wengine wote.

Siku niliyoisimulia moyoni mwangu mara nyingi kuliko zote ilikuwa siku ya gulio. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mapaa. Nilipeleka uji, nikakuta harufu mlangoni kabla sijaingia. Babu alikuwa amejichafua, na tangu lini sijui. Alikuwa ametazama dari, machozi yanatelemkia sikioni. Nilirudi mbio nikamwambia mama.

Mama alitoka hadi njiani akatazama juu na chini. Hakukuwa na mwanaume. Aliita nyumba mbili za karibu, akajibiwa na kuku. Akarudi, akachochea moto, akabandika sufuria la maji. Wakati yanachemka alikaa akishika magoti. Nilikuwa sijawahi kumwona akiogopa.

Tulikwenda pamoja, yeye na beseni, mimi na sabuni ile ya karatasi ya maua ambayo alikuwa ameiweka kabatini kwa ajili ya Pasaka. Alifika mahali alipozoea kusimama, akapapita. Akafika mlangoni.

"Mwambie babu ninaingia," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Nikaingia. "Babu, mama anaingia."

Babu alinitazama. Kisha mkono wake mzima ukatafuta ncha ya blanketi, polepole, ukaikamata, ukaivuta hadi juu ya uso wake. Akatulia hivyo kama gogo. Ndipo mama akaingia.

Alimwosha bila kusema neno. Alimgeuza, akamsugua mgongo, akamkausha, akabadilisha shuka, na muda wote ule babu hakufunua uso wala mama hakutazama upande wa kichwa. Uso aliniachia mimi niufute baada ya yeye kutoka. Nilimkuta babu macho ameyafumba, na nikadhani amekasirika.

Tangu siku ile ikawa hivyo asubuhi na jioni. Nilitangulia kusema, blanketi likapanda, mama akaingia.

Kijiji hakina pazia. Kisimani wanawake walianza. "Mama Atu, kumbe siku hizi ruksa imefika mpaka kwa mkwe!"

"Imefika," mama alijibu akiinua ndoo. "Na wewe ukiugua nitakuja."

Walicheka, lakini alipogeuka kupanda kilima hakupumzika pale tulipozoea kutua ndoo.

Shangazi Subilaga aliporudi kutuangalia, aliinama kumsalimia baba yake, akanusa. Mgonjwa ananuka maua. Akatoka nje, akamkuta mama anaanika mashuka.

"Wifi, nani anamwogesha baba?"

Mama angeweza kumtaja jirani. "Mimi, wifi," alisema.

Shangazi alishika kichwa kwa mikono miwili kama aliyeletewa msiba.

Baba alirudi kesho yake, na kikao kikaitishwa palepale nyumbani kwa babu, mbele ya kitanda chake, kwa sababu jambo lilimhusu. Babu mdogo, ndugu yake babu, ndiye aliyekalia kigoda. Mama aliambiwa angoje nje. Alisimama chini ya upenu, khanga ya pili imefungwa kama kifurushi tayari, maana alishajua mambo kama haya huishia wapi. Mimi nilikaa miguuni pa kitanda, na hakuna aliyenifukuza.

"Kaka, mkeo amemwona baba yetu uchi," shangazi alisema. "Hilo hata jina halina."

"Dada, angefanyaje? Wewe hukuwepo."

"Mimi nina mume! Nina watoto! Wewe ulikuwa wapi? Unalala Dar na ndizi zako, halafu unaniuliza mimi?"

"Taratibu," babu mdogo alisema. "Msigombane juu ya kichwa cha mgonjwa." Kisha akaamua: "Mkamwana aende kwanza kwao Kawetele. Tutatafuta namna ya kulisafisha jambo hili. Mtoto atabaki huku."

Mtoto nilikuwa mimi. Nilimtazama baba. Baba alitazama viatu vyake.

Shangazi aliinuka. Alichukua beseni, akakunja mikono ya blauzi, akachovya kitambaa. "Mimi ni binti yake," alisema. "Nitamwosha mimi." Akamsogelea babu.

Babu alimshika mkono. Hakuusukuma, aliushika tu, akautua kando, kama mtu anavyotua kikombe ambacho hakukiagiza. Alijaribu kusema, kikatoka kitu ambacho hakuna aliyekielewa. Akajaribu tena. Kisha akaacha. Mkono wake ukatafuta ncha ya blanketi, akaivuta, akajifunika uso, akatulia.

"Anaona baridi," shangazi alisema, akataka kumfunua. Babu alilikaza.

Babu mdogo alitazama lile blanketi kwa muda. Mvua ilikuwa imeanza kupiga bati.

"Mjukuu," aliniuliza, "babu yako huwa anafanya hivi wakati gani?"

"Mama akiingia," nikasema.

Nilidhani nimeharibu, kwamba nimethibitisha ubaya wa mama. Babu mdogo alishika fimbo yake, akainuka kwa shida, magoti yakalia.

"Wanaume, tutoke," alisema. "Mwenye kazi yake aingie."

Walipita mbele ya mama bila kumtazama, kila mmoja akiinamisha kichwa kidogo. Mama aliingia na kifurushi chake bado mkononi. Akakiweka sakafuni. Shangazi alikuwa amesimama katikati ya chumba, kitambaa kinamdondokea miguuni, hajui pa kwenda.

"Wifi," mama alimwambia, "nishikie beseni."

Shangazi akashika.

Babu aliishi hadi kipupwe, na hakukosa shuka safi. Siku ya mazishi, watu walipopanga mstari kumuaga, mama hakwenda. Alikaa na wanawake jikoni, akipika kwa ajili ya waombolezaji, khanga imeshuka hadi kwenye nyusi. Nilimwonea uchungu, nikidhani bado amekatazwa.

Nilikuwa nimeshaolewa nilipopata ujasiri wa kumwuliza. Tulikuwa tunachambua maharage. Nikamwambia kwamba ninaanza kumsahau babu, anieleze alifananaje.

"Mimi nitajuaje?" alisema. "Uso wake siujui. Mgongo wake ndio naujua."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia kwamba miaka yote yeye ndiye aliyekuwa akijificha ili mzee apite kwa heshima yake. Siku aliyolazimika kuingia, mzee akajificha yeye, ili mama naye abaki na yake. "Angeweza kunitazama tu," alisema. "Mgonjwa, nani angemlaumu?"

Nilifikiri nimeelewa. Tunaelewa mambo mengi kwa kuambiwa, na maneno yanatosha kwa muda. Mwalimu wangu alisema kweli kwamba mila hupita. Hiyo imepita, na binti zangu wanakaa meza moja na baba wakwe zao, wanataniana, na sioni ubaya. Lakini sidhani mwalimu alijua, na mimi sikujua, ni nini hasa kilichokuwa kikilindwa ndani yake.

Masika iliyopita mama aliugua kwangu, na zamu ya kuchemsha maji ikawa yangu. Siku moja nilimgeuza nimsugue mgongo. Chini ya bega la kushoto kulikuwa na kovu refu, la zamani, limekuwa laini kama ngozi ya ndani ya mgomba. Maisha yangu yote niliutazama uso wake kila siku, nikidhani hakuna nisichokijua kwake. Nilisimamisha kitambaa, nikataka kumwuliza lilitoka wapi. Alikuwa ameshasinzia. Nikalipitishia maji ya moto polepole, nikamfunika.