Swali Nililolijibu Bila Kusoma

Mwanangu, iko siku moja ambayo nikiikumbuka hata chakula kinakosa ladha.

Nilikuwa kijana, karani wa ofisi ndogo ya ushauri nasaha mjini Moshi, miaka ile intaneti ilipoanza kuenea. Mama Elinami, muuguzi mstaafu, alizungumza na watu waliokutwa na virusi vya UKIMWI. Mimi niliandika majina yao kwenye kompyuta. Laini ya intaneti tuliigawana na kafe ya jirani.

Kompyuta ilikuwa na faiawoli, ulinzi unaouliza kila programu inapotaka kuwasiliana na nje: niruhusu au nizuie? Maswali hayo yalinichosha. Nilikuwa nimeweka programu ya kubadilishana nyimbo na rafiki zangu wa kafeni, ikawa inazuiwa kila mara. Nikabonyeza "ruhusu zote". Kumbe programu ile haikufungua nyimbo tu, ilifungua mafaili yote, hata ya majina, kwa kila aliyekaa kafeni.

Wiki haikuisha, akaja Anaeli, mmoja wa wale niliowaandika, mama aliyeuza maziwa sokoni. Alimwamkia Mama Elinami, kisha akanigeukia.

"Wateja wananipita kama hawanioni. Mume wangu kaonyeshwa jina langu pale kafeni. Nilikuambia wewe, ulimwambia nani?"

Anaeli alipoondoka, Mama Elinami akaniuliza, "Mashine ilikuuliza?"

"Iliniuliza, mama."

"Ukasoma swali?"

"Hapana."

"Basi usije ukasema ilikuwa bahati mbaya."

Anaeli alifukuzwa kwake, akaenda kuishi Kahe kwa dada yake. Watoto walibaki na baba yao, wakakatazwa kumtembelea. Akafia huko huko. Msibani sikwenda, ningemtazama nani usoni? Nikaambiwa baadaye kwamba binti yake mkubwa alikuwa akiniulizia. Mpaka leo sijamtafuta.

Sasa nisikilize. Faiawoli usiizime kwa sababu ya kelele zake. Anza kwa kuzuia programu zote, kisha ruhusu moja moja, zile unazozijua na unazozihitaji. Soma jina la programu, soma inachotaka. Usipoelewa, zuia, kisha uulize anayejua. Rudi kwenye orodha yako mara kwa mara, uondoe ulizoziruhusu kwa haraka. Na siri za watu usiziweke kwenye mashine ya kuchezea.

Mungu akulinde, mwanangu, na kila atakayekuamini abaki salama mikononi mwako.