Kambare Wanne katika Birika la Kuze

Siku ile dukani Makadara nilipaswa kusema hapana. Rafiki yangu muuza vyombo, Mhindi ambaye tumejuana tangu ujana, alinisogezea ndoo yenye kambare wanne, kila mmoja urefu wa kiganja. Mteja alikuwa amempa zawadi, na mkewe hakutaka kuwaona jikoni.

"Chukua, bwana. Birika kubwa vile, nanyi mwafuga vidagaa! Hata paka wenu wawaonea haya."

Watu waliokuwa wakichagua sufuria wakacheka. Nikachukua ndoo.

Birika hilo alilijenga babu yetu uani, katika nyumba yetu ya Kuze, ili kukinga maji ya mvua. Kina chake chanifika kifuani. Kuta ni za chokaa, laini, na ndani hamna tope wala jani. Watu wa Mji wa Kale hatuachi maji yakae bila samaki. Vijisamaki vidogo kuliko kidole hula viluwiluwi vya mbu, na maji ya kuogea hubaki mazuri hata mifereji ya mji ikikauka wiki nzima. Misikitini ni vivyo hivyo.

Aliyevitunza vijisamaki vyetu ni dadangu mkubwa. Alikuwa mjane, akikaa vyumba vya chini, mimi juu. Wanawe walitaka ahamie kwao Bondeni, na kila Ijumaa mmoja wao alikuja kumbembeleza.

"Gorofa ya nne?" aliwajibu. "Nikishuka kununua mbaazi, nikifika juu zishapoa, nami nishakufa."

Nilicheka, na moyoni nikashukuru. Mke wangu alikwisha kufariki. Dadangu angeondoka, ningebaki peke yangu katika nyumba ile.

Aliponiona na ndoo aliuliza, "Hao ni nini?"

"Kambare. Wakikua tutawala."

"Na wao watakula nini wakingoja kukua?"

Nikamwambia kwamba birika ni la urithi wetu sote, si lake pekee.

"Haya, bwana mkubwa," akasema, akaenda kuanua nguo zake. Nikawamimina.

Mwezi haukuisha, vijisamaki vikaanza kupungua, kisha vikawa havionekani kabisa. Niliposema labda vimejificha, dadangu alinitazama. "Vijifiche wapi, ndani ya ukuta?" Akanitaka niwatoe kambare. Nikasema wiki ijayo. Wiki hiyo ikapita, na nyingine. Nilikuwa nimejigamba dukani, nami nilijua nitaulizwa wamefikia wapi.

Kisha kambare nao wakawa watatu, wakawa wawili, mwisho akabaki mmoja, kichwa kikubwa na mwili mwembamba. Nilidhani kuna paka mwizi. Nikamlalamikia mchukuzi wa duka la rafiki yangu, mtu wa Kaloleni aliyekulia karibu na mabwawa. Alicheka mpaka akautua mzigo.

"Mzee, paka wamsingizia bure. Kambare akikosa chakula hula nduguye."

Akanieleza jambo ambalo hadi leo nalirudia nikiulizwa kwa nini maji mengine hayana kambare hata ukiwatia. Kwao kuna mabwawa mawili, si mbali moja na jingine. Moja lina kambare tele. Mvua zikinyesha hufurika hadi kwenye nyasi. Humo ndimo wanamotaga, na humo watoto wao hujificha wasiliwe na wakubwa. Jingine ni shimo lililochimbwa mawe, kingo zimesimama wima, nyasi hakuna. Watu wametia kambare humo mara nyingi. Hula kilichomo, kisha hulana wenyewe, na hapana anayezaliwa kushika nafasi yao.

"Birika lenu ni kama lile shimo," alisema. "Maji yapo, lakini mtoto hana pa kukaa."

Nilirudi nyumbani na nia ya kumtoa yule mmoja siku hiyo hiyo. Nikamkuta dadangu amelala, mwili wa moto, viungo vyamuuma hata kugeuka hawezi; ilikuwa homa iletwayo na mbu. Kwa wiki kadhaa viluwiluwi vilikuwa vimejaa juu ya maji bila wa kuvila, maana kambare hutafuta chakula chini, na dirisha la chumba chake lilielekea birika. Mjini mbu ni wengi, nami sina ushahidi kwamba aliyemuuma alitoka kwetu. Sijawahi kuufanya huo kuwa udhuru.

Mwanawe mkubwa, mtu mzima mwenye mvi, alikuja, akachungulia birika, akanitazama. Akaingia kukusanya nguo za mamake, akampeleka kwao Bondeni.

Kambare nilimpa mchukuzi. Msikitini nikaomba vijisamaki vipya, na baada ya miezi michache maji yakatakata. Nikaenda Bondeni, nikapanda zile ngazi, nikampa habari. Homa ilikuwa imemwacha, lakini magoti hayakurudi kama zamani.

"Vimezaa?"

"Vimezaa."

"Alhamdulillahi. Basi vitunze."

Nilingoja aseme atarudi lini. Akaniuliza kama nimekunywa chai.

Hakurudi. Alikaa huko miaka mitatu, na huko ndiko alikofia. Uamuzi wangu ulinigharimu miaka ya mwisho ya kuishi nyumba moja na dadangu, na yeye ukamnyima kufia nyumbani kwake.