Tuseme na Mwalimu Wake wa Ziada

Mtoto wa kaka yangu tunamwita Tuseme, kwa sababu hisabati zake zote huanzia hapo. Muulize kama amekula, atakwambia, "Tuseme nimekula, shangazi. Mbona sasa tumbo linanguruma? Basi sijakula." Chuo kikuu ndicho hicho, jamani! Sufuria iko pale pale, yeye anathibitisha.

Anaishi kwangu. Chumba cha mbele mimi nina cherehani dirishani, yeye ana benchi mlangoni, na wateja wake wanawashinda wangu. Wanafunzi wenzake huja na sura za msibani: huyu uthibitisho umemgomea, yule programu yake ya kwanza imekataa hata kusalimia. Tuseme huanza kwa kuwaelekeza. Wanaitikia, ndiyo, ndiyo. Kufumba na kufumbua kalamu iko mkononi mwake, wao wako kwenye simu. Huyu mtoto hawezi kumwambia mtu hapana, kamrithi baba yake. Na kila mmoja humwachia kosa dogo la kumfaa, ili kazi zisifanane. Wavivu huwaongezea.

Lakini ndani ya programu kila kitu lazima kipewe jina, na yeye akiinua macho anaona nini? Basi nusu ya darasa ikaandika programu za kujumlisha alama za mitihani, ndani yake mna uzi, kifungo na pindo.

Ya kwake huiandika mwisho, mbio mbio, wenzake wakishaondoka. Na somo lenyewe alikuwa analirudia. Akifeli tena, alishaambiwa, afungashe virago.

Mwalimu wao akaona vifungo vimezidi. Akazipanga kazi kwa kufuata saa zilipowasilishwa. Ya kwanza ilikuwa ya kiongozi wa darasa. Huyo akasifiwa ubunifu. Wa katikati walijadiliana, jambo jema. Wa mwisho ni Tuseme. Mwizi kapatikana!

"Si umwambie!" nikafoka. "Mwambie wewe ndiye uliyewaandikia wote!"

"Nikithibitisha hivyo, shangazi, nusu ya darasa inafukuzwa, na mimi mbele yao."

"Kwa hiyo unanyamaza?"

"Nanyamaza."

Elimu bahari, lakini wengine wanazama kwenye beseni.

Chuo kikamhurumia. Atafanya mtihani, mradi kwanza afundishwe na mwanafunzi bora, na huyo anayemfundisha aandike ripoti kwamba Tuseme sasa anaelewa. Mwanafunzi bora ni nani? Kiongozi wa darasa.

Akaja na shati lililonyooshwa pasi. "Shikamoo, mama." Akaketi, akatoa karatasi ya mwalimu, akaigeuza huku na huku.

"Kaka," akanong'ona, "leo nakufundisha nini?"

Nikaweka mkasi chini, nikafungua mdomo. Tuseme akanikonyeza ninyamaze, akamwelekeza polepole mpaka mwalimu wake akaelewa nusu.

Ripoti nayo akaiandika Tuseme mwenyewe. Nikaisoma begani kwake: "Mwanafunzi ni mzito, ila kwa uvumilivu wa mwalimu wake ameanza kuelewa."

"Wewe! Unajitukana?"

"Nikijisifu watashtuka, shangazi."

Kiongozi akaisoma, akamsikitikia kwa dhati, akatia sahihi. "Usikate tamaa, kaka."

Mtihani akaufanya peke yake, akawapita wote. Chuo kilipigwa na butwaa. Kikaita mkutano, kikampongeza kiongozi wa darasa mbele ya wazazi, kikamwajiri awe anawasaidia wanafunzi wazito. Tuseme alipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Mimi sikupiga.