Siku Niliyopinga Harusi ya Mjukuu Wangu

Hii aibu afadhali niisimulie mwenyewe, maana watu wa Endarasha huisimulia na wanaisimulia vibaya (ati nilikuwa nimelewa, mimi ambaye sijaonja pombe tangu nibatizwe).

Ilikuwa miaka ile ya baada ya uhuru, vijana wanafuga nywele kama vichaka na kuvaa suruali pana chini, na mjukuu wangu Wangui alikuwa anaolewa huko Endarasha. Mama yake, binti yangu Nyambura, ambaye nilikuwa nikikaa naye mtaani Skuta, aliniletea mkongojo asubuhi, nikaukataa. Ningeonekanaje kwenye picha? Daktari alikuwa amenionya kwamba mzee asiyesikia vizuri huyumba na kuanguka upesi, nami nikamuuliza ni nani hutembea kwa masikio, nikacheka peke yangu njia yote mpaka nyumbani.

Kanisani nikakataa pia kukaa na Nyambura (hunipigia kelele sikioni kama anaita ng'ombe), nikajipeleka benchi la mbele. Nilikuwa nimeahidiwa kwamba nyanya, yaani cucu, ataitwa awabariki maharusi, basi nikatega lile sikio lenye nafuu. Mchungaji akasoma, akasoma, kwangu ni mvumo wa nyuki tu, halafu nikadaka maneno mawili: "...asimame aseme."

Nikasimama.

Watu wote wakageuka. Mchungaji akavua miwani. "Mama, unapinga?"

Mimi nikasikia "unapenda".

"Sana!" nikajibu kwa nguvu zangu zote. "Tangu siku ya kwanza huyu kijana alipokuja kwetu!"

Mama wa bwana harusi akashika kichwa, nikadhani ni furaha. Nyambura huko nyuma ananipungia mikono nikae, mimi naona ananituma mbele nikabariki, basi nikapiga hatua, goti likakataa, na kitu cha kushika kilichokuwa karibu ni koti la bwana harusi. Tukaenda chini wote wawili, mimi juu, yeye chini, na watu wa kwao wakaruka kutoka kwa mabenchi.

"Sasa anampiga! Mshikeni huyo mama!"

Wangui akapiga magoti na gauni lake jeupe, akaweka mdomo kwenye sikio langu.

"Cucu! Umeulizwa kama unakataa niolewe!"

"Nikatae? Nani amesema nikatae? Huyu kijana nampenda kuliko baba yako!"

Hiyo baba yake aliisikia, tena vizuri sana, maana masikio yake hayana shida yoyote. Alikaa mwaka mzima bila kunisalimia.

Harusi ilifungwa, mimi nikiwa nimekalishwa sakafuni, kifundo cha mguu kimefungwa kwa leso ya mchungaji. Siku hizi natembea na mkongojo, nakaa ubavuni mwa Nyambura apige kelele apendavyo, na kanisani siinuki mpaka nione wote wamesimama. Hata siku ya ufufuo, watangulie tu. Mimi nitawafuata.