Madoa Niliyomletea Mama

Mama alikuwa akinitambulisha kwa wageni hivi: "Huyu ndiye aliyeniharibia uso." Kisha anacheka, wageni wanacheka, na mimi nimesimama na sinia la chai nacheka nao, nifanyeje? Mimi ni kitinda mimba. Madoa yalimtoka akiwa na mimba yangu, mawili mapana mashavuni na moja juu ya mdomo, rangi ya chai iliyokolea majani. Kaka zangu walipita tumboni mwake bila kuacha alama. Mimi, eti, nilipita nikagonga mhuri.

Utani ule uliniuma, niseme tu ukweli. Wenzangu walikua wakiambiwa wana macho ya baba au miguu ya bibi. Mimi nilikua nikijua nimemdhulumu mama yangu kabla hata sijazaliwa.

Na uso kwa mama haukuwa jambo dogo. Mtaa wetu mzima wa Biryogo ulimjua kuwa somo wa mabibi harusi, kazi aliyorithi kwa bibi yake, ambaye watu wake walikuja huku na biashara kutoka pwani. Binti akikaribia kuolewa alifungiwa ndani, asipigwe na jua, na mama akaenda kumsinga: karafuu, mawaridi makavu na liwa, vimetwangwa pamoja, anasugua polepole kuanzia shingoni hadi nyayoni. Akina mama wakitaka matokeo ya kesho, anawakatiza. "Ngozi haitaki haraka. Mfiche na jua, msugue taratibu, atang'aa mwenyewe." Alijua yote hayo, jamani! Ndiyo maana hata leo moyo unaniuma.

Alijua, ila hakuweza kujifanyia. Somo hafungiwi ndani, ana mtoto mchanga mgongoni na kazi nje. Na mama wa bibi harusi, kabla hajakukabidhi binti yake, anakutazama wewe kwanza usoni. Nani atamkabidhi mwanawe kwa mwenye madoa?

Basi jirani mmoja akamletea kopo. Alikuwa akichanganya mwenyewe, mirija ya mafuta iliyovushwa kutoka Goma ndani ya vitenge, na vitu vingine asivyovitaja. "Hii iko dawa ya haraka, dada," akamwambia. Mkorogo. Na kweli madoa yakaondoka, yakaondoka na rangi yake yote. Mama akawa mweupe kama papai, isipokuwa masikio na vifundo vya vidole, ambavyo vilikataa katakata. Mabibi harusi wakaongezeka. Akiacha kupaka kidogo tu, madoa yanarudi meusi kuliko mwanzo, kwa hiyo hakuacha. Hata mafuta yale yalipopigwa marufuku, aliyapata kwa kificho.

Nilikuwa nimeshaolewa mashavu yake yalipoanza kugeuka. Weusi wenyewe haukuwa wa kawaida, ulikuwa na ubuluu ndani yake, na ukigusa unakwaruza kama masizi ya sufuria. Akaongeza mkorogo. Weusi ukazidi. Akaanza kuvuta mtandio hadi puani, ukimuuliza anakwambia ana mafua. Mafua gani ya mwaka mzima? Mficha maradhi kifo humuumbua, nilimwambia, akanijibu nichunge mdomo wangu.

Akina mama wakaacha kumwita. Hakuna aliyemwambia neno, walimwita tu somo mwingine. Siku moja aliolewa binti wa nyumba tuliyopakana nayo ukuta. Tulikuwa uani kwa mama tunachagua mchele, vigelegele vinatufikia, na harufu ya singo inapita juu ya ukuta hadi puani mwetu. Mama hakuinua kichwa.

"Karafuu wamezidisha," akasema, akaendelea kutoa mawe.

Nilitaka kulia, nikapepeta mchele.

Kisha nikashika mimba mimi. Na madoa yakanitoka, mashavuni na juu ya mdomo, palepale pake. Nilipoingia kwake aliniangalia akashika kifua. "Yewe! Yamekufuata na wewe." Nilidhani atacheka. Akaingia chumbani, akarudi na lile kopo, kidole kimeshachota.

Nilimdaka mkono. Mimi nina hasira za karibu, na siku hiyo zilinisaidia. "Mama, tutaenda kwa daktari wa ngozi, mimi na wewe. La sivyo hutanigusa." Alikubali. Alikwenda kwa ajili ya uso wangu, wake alikuwa ameshaukatia tamaa.

Daktari alikuwa mwanamke aliyekulia Uganda, Kiswahili chake kinachechemea lakini kina huruma. Akamwomba mama atoe mtandio. Mama alichukua muda mrefu kuutoa. Daktari hakushtuka, na kwa hilo tu nilimpenda. Akamweleza kwamba mkorogo lazima uachwe, kwa kupunguza kidogo kidogo huku akimfuatilia, na kwamba jua ni adui.

"Hii nyeusi inaweza kupunguka, mama. Lakini siwezi kukudanganya, yote haitatoka."

Mama akaitikia kwa kichwa tu. "Sawa. Sasa huyu mtoto wangu, yeye mpe dawa."

Daktari akanigeuza uso kwenye mwanga wa dirisha. "Huyu? Huyu usimpake kitu. Kofia, mwavuli, na mafuta ya kukinga jua kila asubuhi. Hii ni ya mimba. Mara nyingi akizaa inafifia yenyewe."

"Yenyewe?"

"Yenyewe, mama. Inataka miezi na uvumilivu."

Mama akatazama mikono yake. "Na mtu akiyaacha hivyo hivyo, tangu mwanzo, asiyaguse..." Hakumaliza. Daktari alielewa, akainamisha macho. "Ihangane, mama," akasema, neno lile tunalowaambia waliofiwa.

Njia nzima mama alinishikia mwavuli mimi, yeye yuko juani.

"Jikinge na wewe, mama."

"Mimi nimeshaiva," akanijibu.

Nilijifungua salama. Na hapo nikaanza kuomba dua ambayo sijawahi kumwambia mtu: madoa yangu yasiondoke. Kila asubuhi najitazama kwenye kioo, Ee Mungu, yaache. Maana yakibaki, labda na yake yangebaki hata asingeyagusa, na daktari atakuwa amesema tu. Nikawa natoka juani kichwa wazi makusudi. Mama ananikimbilia na kofia. "Kofia! Wewe mwanamke una wazimu?" Alinilinda kama mwari wa ndani. Kwa mikono yake mwenyewe alilinda kile ambacho kingekuja kumvunja moyo.

Yakaanza kwenda. La juu ya mdomo kwanza. Nililiona, naye aliliona, tukazungumza habari za mtoto.

Siku moja nikamkuta ametwanga singo, mara ya kwanza tangu walipoacha kumwita. Akanikalisha mkekani, akanisugua uso taratibu, mtandio wake uko mabegani. Kidole gumba kikafika shavuni, kikasimama.

"Yameondoka," akasema.

"Bado kidogo, mama."

"Usinidanganye. Mimi ni somo." Akalipapasa shavu tena, huku na huku, kama anayetafuta kitu alichokidondosha. "Kumbe hukuwa wewe, mwanangu. Yangekwenda zake. Mimi ndiye niliyeyashika." Machozi yakamtoka, nami nikashindwa hata kumfuta, tukalia wote wawili na singo usoni.

Wiki iliyofuata walikuja wageni. Nikaingia na sinia la chai, nikasimama palepale ninaposimama siku zote, nimeshaandaa kicheko changu.

"Huyu ni kitinda mimba wangu," mama akasema.

Nikangoja amalizie. Aliinamia kikombe chake, akakoroga chai ambayo hakuwa ametia sukari.