Mtangazaji Anayegoma Kuyaapia Maji ya Mto Qillu

Umepita kwenye daraja la Qillu wiki hii ukageuza uso upande wa mlima. Usikatae. Chini yako maji yalikuwa na rangi ya kutu, na wewe ukajifanya unaweka kofia sawa.

Hapa kijijini Uma Pata kuna mtu mmoja asiyeweza kugeuza uso, kwa sababu kazi yake ni kusema.

Saa kumi na moja alfajiri, Leocadia Huarachi anasukuma kwa bega mlango wa chumba cha redio ya kijiji na kubandika sufuria ya uji wa mahindi mekundu kwenye jiko la gesi. Amejitanda shali mbili na bado anatetemeka. Mezani kuna karatasi tatu. Moja ni ya chanjo ya lama, nyingine ya kikao cha shule. Ya tatu ina muhuri wa mgodi.

Hiyo ya tatu anaisoma mara nne kabla ya kugusa kipaza sauti.

"Natafuta mahali panaposema nani aliyaona hayo maji," anasema bila kuinua macho. "Hapapo."

Mama huyu wa miaka arobaini na saba amesoma habari kwa Kiaymara kwa miaka kumi na tisa sasa. Mshahara wake ni boliviano mia tisa kwa mwezi. Na Kiaymara, kama sote tujuavyo tangu tunanyonya, hakimruhusu mtu kuitoa habari mdomoni bila kuonyesha ameipata wapi. Ulichokiona kina namna yake ya kusemwa. Ulichoambiwa unakifunga kwa neno siwa, yaani wamesema wao, si mimi. Anayechanganya hivyo viwili hasahihishwi kama mwanafunzi. Anaitwa mwongo.

Jumatatu iliyopita Leocadia aliisoma hewani karatasi hiyo ya mgodi, taarifa kwamba maji ya mto ni safi. Kila sentensi aliifunga kwa siwa. Halafu akaongeza lake, kwa namna ya mtu aliyeona: "Viazi nilivyoloweka mtoni wiki tatu ili viwe vyeupe, nimevitoa vyekundu."

Kabla uji haujapoa, afisa uhusiano wa mgodi, Iván Terrazas, alikuwa mlangoni. Fundi mitambo Zenobio Layme alikuwa akikaza waya dirishani, na anasema aliyasikia yote.

"Mama Leocadia, umetuharibia taarifa."

"Nimeisoma yote, bwana. Hata nukta sikuruka."

"Umeisoma kama umbea! Karani wangu anayejua Kiaymara kaniambia. Ijumaa uirudie, uisome kama kitu unachokijua."

"Basi nipeleke kwenye bomba lenu la kumwaga maji mtoni. Nikiona, nitaisoma hata kwa kuimba."

"Getini hapaingiwi. Ni kwa usalama wenu."

"Maji ni safi, ila kuyatazama ni hatari?"

Terrazas alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa redio akamkumbusha nani analipia umeme wa mtambo, na kwamba mjini wamejaa wasichana wenye sauti nzuri. Ijumaa ikipita bila taarifa kusomwa wanavyotaka wao, Leocadia hana kazi.

Wanadhani tumesahau. Mwaka 1996 bwawa la taka za mgodi huohuo lilipasuka. Mtangazaji wa wakati ule, Fortunato Apaza, aliletewa karatasi kama hii. Akaisoma bila siwa, kana kwamba ametoka mtoni sasa hivi na ndoo mkononi. Watu wakaamini, maana hapa kwetu mtu akisema ameona, huna la kumuuliza tena. Mama yake Leocadia akashusha mifugo ikanywe. Lama thelathini na mmoja wakafa kwa siku sita.

Fortunato hakuwa amekanyaga mtoni. Tangu hapo, hata akisema mvua inanyesha, anaulizwa: "Umeiona?" Akisema ana njaa: "Umeiona?" Mwisho akahamia nyanda za chini, na hajarudi.

"Hakuwa mtu mbaya," anasema Leocadia. "Aliogopea kazi yake. Mimi pia naogopea yangu. Lakini wale lama niliwazika kwa mikono hii."

Jumanne, sokoni, anakaa nyuma ya rundo la viazi vyekundu ambavyo hakuna anayevigusa. Muuza jibini Primitiva Calle anamchokoza.

"Dada, jibini langu linashinda yote Bolivia nzima. Nitangazie!"

"Nionjeshe kwanza."

"Wee! Hata jibini?"

"Hasa jibini. Wewe nakujua."

Wanawake wanaangua kicheko. Kisha Primitiva anashusha sauti: "Na wakimweka huyo msichana wa mjini, akatusomea kama ameona? Tutajuaje, dada?"

Swali hilo ndilo lililozaa mpango wa Leocadia.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, atapanda hadi geti la mgodi akiwa na kikombe cheupe, aombe kuonyeshwa bomba.

"Wakifungua, nitaona maji," anasema. "Wakikataa, nitaona geti lililofungwa. Vyote viwili vinasomeka Ijumaa. Ila nikienda peke yangu, watasema ni mwanamke anayelilia mshahara. Tukiwa mia, kila mmoja atasogea kwenye kipaza sauti aseme alichokiona. Watamfukuza nani?"

Zenobio ameahidi kuuacha mtambo ukiwaka Ijumaa hiyo mpaka mtu wa mwisho amalize.

Kijiji hiki kina kaya mia mbili na kumi na mbili, na zote zinaloweka viazi katika mto uleule. Hadi jana jioni, waliomwambia Leocadia watakuja ni saba.

Saba! Na wewe uliyekuwa ukiweka kofia sawa pale darajani, umo? Usingoje Ijumaa uje kusomewa. Vaa viatu Alhamisi, chukua kikombe cheupe, mwamshe na jirani yako. Saa tatu, getini. Nenda ukaone.