Mawe ya Bustani ya Mama Kulwa

Jamani, nikisikia mtu anasifia mvua za kwanza naangalia chini, maana mvua ya kwanza niliyoikuta ukweni ndiyo iliyonivua nguo mbele ya akina mama wa watu (nguo nilikuwa nimevaa, tena mpya, nasemea aibu).

Mimi ni fundi cherehani hapa Geita, mtoto wa mjini, jembe nalijua kwa kuliona dukani. Mume wangu ni Doto, na Doto lazima awe na pacha wake Kulwa, kwa hiyo tulipokuwa wachumba nilimuuliza, akasema Kulwa alifariki wakiwa wadogo, nikasema pole, tukaendelea kula. Alizikwa wapi, sikuuliza.

Basi Novemba tukaenda kwao, upande wa Songwa, kumsaidia mama yake kupanda. Kule miezi yote ardhi imepasuka na mbuzi wanatafuna hata mifuko ya nailoni, halafu inanyesha mara moja tu, asubuhi unakuta mgagani umejiotea nyuma ya jiko, vyura wanapiga kelele, kila nyumba watu wako nje na majembe. Nikajiona mkulima! Doto akatoka na ng'ombe kwenda kulima shambani, mama akaenda kwa jirani kuomba marando ya viazi, akaniacha na neno moja: "Wewe pumzika, mayu, safari imekuchosha." (Mayu ni mama kwa Kisukuma, na binti akipendwa huitwa hivyohivyo.)

Heri ningepumzika! Mimi nikataka arudi akute mkwe kafanya maajabu. Pembeni mwa bustani palikuwa na kichuguu kidogo kimeota majani, kimezungushiwa mawe, nikadhani ni uchafu wa siku nyingi. Nikakisawazisha chote, nikapandisha matuta ya viazi upande ule wote, yamenyooka kama mshono. Na kwa kuwa udongo wa kule ukilowa unaganda miguuni mpaka unashindwa kutembea, yale mawe nikayabeba nikayapanga mlangoni, watu wakanyage wasiingie na tope.

Mama akarudi na wenzake watatu, marando kichwani, wakafika wanakanyaga jiwe baada ya jiwe huku wanacheka kwa raha.

"Eee, Mama Kulwa," akasema mmoja, "huyu mkwe umempata!"

Nami nikavimba. "Nimeyatoa kule bustanini, yalikuwa yamekaa bure tu, na kale kakichuguu nimekafyeka, sasa ni matuta matupu."

Kicheko kikakatika. Yule aliyenisifia akatua marando chini, akashika mdomo. Mama mkwe alikuwa bado amesimama juu ya jiwe, akaliangalia, akashusha mguu wake taratibu akauweka kwenye tope.

"Mayu," akasema, "pale amelala Kulwa."

Nikapiga magoti palepale na gauni langu jipya, nalia, naomba msamaha, akina mama wale wananiangalia, na hakuna aliyejua ambembeleze nani, mimi au mama mkwe. Laiti angenigombeza! Aliokota mawe yote akayaosha kwenye beseni, moja moja, akayafunga kwenye kanga yake. "Njoo unionyeshe yalikuwa wapi."

Hapo ndipo nilipotamani kufa. Matuta yangu yote yalifanana. Nikaonyesha la pili, nikasema hapana, la tatu, nikarudi la pili. Mama akainama anapapasa udongo, akapanga mawe, akayatoa, akasogeza, akayatoa tena. Doto aliporudi naye aliulizwa, akatikisa kichwa, machozi yanamtoka, kwa sababu tangu utoto alikuwa akipajua kwa kuyaona mawe tu, kama mama yake.

"Nyamaza," mama akaniambia mwishowe, "hukujua." Maneno hayo yaliniumiza kuliko matusi.

Tangu siku ile kwenye nyumba ya mtu sing'oi hata jani kabla sijauliza, na wanaonicheka kwamba nauliza sana waendelee kucheka. Mvua zikianza tunakwenda, tunapanda kila mahali, lakini kipande kile chote mama hakipandi kitu tena. Anakipalilia kwa mikono yake, mwanzo hadi mwisho, hataki mtu amsaidie, ili popote alipo mtoto wake, majani yasimfunike.